Tuzo si Ujira

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.



Liko swali fupi ambalo lasikika mno majumbani mwetu siku hizi, nalo hutoka vinywani mwa watoto wadogo: "Utanipa nini?" Mtoto wa miaka 5 aambiwa avae kanzu aende chuoni, auliza atapewa nini. Aambiwa ampelekee nyanyake maji ya kunywa. Auliza atapewa nini. Mama naye amechoka, chungu ki motoni na mdogo analia mgongoni; hana nafasi ya jawabu refu. Asema, "Nitakupa kashata," na mambo yakaisha. Lakini hayakuisha. Kesho kashata moja haitoshi, na kesho kutwa mtoto ataka simu ya babake. Bei imepanda, na aliyeipandisha ni mnunuzi.

Wazazi wanapozindukana na hali hii hugawanyika makundi mawili. Wako wanaokata shauri kuwa zawadi zote ni uharibifu, wakafunga mkono wasimpe mtoto hata tende moja. Na wako wanaosema kuwa zama zimebadilika, watoto wa leo hawaendi ila kwa kupewa, basi wakaendelea kununua utiifu siku baada ya siku. Makala yetu ya leo yataka kuonyesha njia iliyo baina ya hizo mbili, kisha tushuke katika mambo ya mikono: vipi mama aweza kuandaa tuzo za nyumbani zisizo na gharama, na vipi watoto waweza kukusanywa siku ya Idi au siku ya kuhitimu juzuu, wakacheza, wakapata zawadi, na asirudi kwao hata mmoja akilia.

Maneno mawili yasiyolingana

Lugha yetu imetutangulia katika jambo hili. Tunayo maneno mawili ambayo twayachanganya ilhali wazee waliyatenga: tuzo na ujira.

Ujira ni malipo ya kibarua. Fundi hupatana na mwenye nyumba kwanza, kisha hushika mwiko. Akimaliza, apewe chake kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofunzwa. Ujira ni haki, na anayestahiki ujira ana ruhusa ya kuuliza, "Utanipa nini?" Tena ana ruhusa ya kusema kuwa hazitoshi, na akikosa kulipwa ana ruhusa ya kuacha kazi.

Tuzo yatokana na kutuza. Msomaji kaswida akisoma kwa sauti nzuri, mtu huinuka kwa furaha akamtuza. Hakupatana naye bei, wala msomaji hakusoma kwa ajili ya noti ile. Tuzo hufuata uzuri, haiutangulii. Ndiyo maana wahenga wakasema chanda chema huvikwa pete. Chanda kilikuwa chema kwanza. Pete ikaja baadaye ikakipamba. Hapana chanda kilichofanywa chema na pete.

Basi mtoto anayeuliza "Utanipa nini?" hana ubaya wa tabia. Amefunzwa kuwa kibarua, naye azungumza kama kibarua. Tulipaswa kumtuza, tukamwajiri.

Mtume na watoto wakimbiao

Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwapanga safu watoto wa ami yake Abbas, nao ni Abdullah, Ubaydullah na Kathir, kisha akiwaambia kuwa atakayemfikia mwanzo atapata kadha na kadha. Wao humkimbilia mbio, wakamwangukia mgongoni na kifuani, naye akiwabusu na kuwakumbatia. Wanazuoni wameizungumza isnadi ya riwaya hii, lakini maana yake yaafikiana na yale tuyajuayo kwa yakini juu ya upole wake kwa watoto.

Tazama yaliyomo katika kisa hicho kifupi. Upo mchezo, tena wa gharama ya bure: safu, mbio na mtu wa kufikiwa. Ipo zawadi iliyotajwa. Lakini mwisho wa mbio mpokezi hakutueleza nani alikuwa wa kwanza na nani wa tatu. Alichotueleza ni kuwa wote waliangukia kifua kimoja, na wote wakakumbatiwa. Mshindi alikuwapo, aliyefukuzwa hakuwapo.

Na kipo kisa cha pili, nacho kimo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) asimulia kuwa walikuwa wakiwafungisha watoto wao saumu ya Ashura, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula, walimpa kile cha kuchezea hadi ukafika wakati wa kufuturu.

Kina mama hao hawakuwa na duka la vinyago. Walichukua sufi iliyokuwapo nyumbani wakaifinyanga kwa mikono yao. Wala hawakumwambia mtoto, "Funga, nikupe." Kinyago kilikuja wakati njaa imeuma, kikawa mkono wa kumshika mtoto asianguke njiani. Hiyo si bei ya saumu. Ni msaada katika saumu. Mama atakaye kumzoesha mwanawe wa miaka 6 saumu ya nusu siku, basi amwekee karibu jambo la kumshughulisha saa ile ngumu ya kabla ya adhuhuri, badala ya kumwahidi shilingi jioni.

Waliyoyaona watafiti

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika skuli ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto wa baina ya miaka 3 na 5 ambao tayari walikuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza waliambiwa mapema kuwa wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili hawakuambiwa kitu. Walipokwisha kuchora ndipo wakapewa cheti hicho hicho kwa ghafla. Kundi la tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa.

Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, bila ya cheti wala ahadi, na watoto wakaachwa wachague la kufanya. Wale walioahidiwa mapema walichora kwa muda wa kiasi cha nusu tu ya wenzao. Walikuwa wakilipenda jambo, likageuka kazi, na kazi isiyo na mshahara huachwa. Wale waliotuzwa bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu yao.

Tazama vipi tofauti ile ile ya tuzo na ujira ilivyojitokeza mbele ya watu ambao hawakuijua lugha yetu. Cheti kilikuwa kimoja, utepe mmoja. Kilichotofautiana ni mapatano yaliyotangulia.

Huenda msomaji akauliza: Je, Mola wetu mwenyewe hakutuahidi thawabu na pepo? Naam, ametuahidi. Wala sisemi kuwa kumwahidi mtoto ni haramu. Lakini ahadi ya Mwenyezi Mungu ni fadhila inayozidi amali zetu mara kumi na zaidi, na mja hakai na Mola wake kupatana bei ya kila rakaa. Tena amali zatuzwa kwa nia. Surat al-Insan yawasifu waja wema wanaomlisha masikini, yatima na mateka kwa ajili ya radhi za Mwenyezi Mungu, wasitake kwao malipo wala shukrani. Huko ndiko tuelekezako mtoto. Tuzo ya nyumbani ni ngazi ya kumpandisha huko. Ole wetu tukiifanya ngazi kuwa ndio dari.

Tuzo tatu za nyumbani

Sasa tuje katika utendaji. Hizi ni njia tatu, kila moja na umri wake, na zote zaandaliwa kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Ya kwanza ni tuzo ya papo hapo, kwa watoto walio chini ya miaka 4. Mtoto wa umri huo hajui Ijumaa ijayo ni lini. Ukimwambia atapata kitu mwisho wa wiki, ni kama kumwambia atapata akiwa mzee. Tuzo yake ni usoni mwako. Amerudisha kikombe jikoni? Inama uwe sawa na macho yake, umtaje jina, utaje na alilolifanya: "Umerudisha kikombe mwenyewe. Mashaallah, umenisaidia." Usiseme tu "mtoto mzuri", kwani hatajua ni lipi lililokufurahisha. Chora ua dogo la hina kwenye kiganja chake siku ya Alhamisi ikiwa ni binti, au mpe mwana wa kiume kazi ya kushika tasbihi ya babu. Mtoto mdogo huona kuaminiwa kuwa ni zawadi.

Ya pili ni mwezi wa karatasi, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Chukua ubao wa boksi, weka sahani juu yake, uzungushe kalamu upate duara. Ligawe duara hilo kwa mistari ya kupinda vipande 14, kama mwezi unavyokua toka hilali hadi kukamilika. Chagua jambo moja tu, narudia, moja tu: kupiga mswaki kabla ya kulala, au kupanga viatu mlangoni, au kutimiza somo lake la chuoni. Kila siku alifanyapo, mtoto hupaka kipande kimoja kwa manjano ya jikoni yaliyochanganywa na maji kidogo. Siku asipofanya, kipande hubaki cheupe na kesho yake aendelea. Mwezi wake utachelewa, lakini hautazama. Ukitimia mwezi wa kumi na nne, mfanyieni jambo: achague yeye chakula cha usiku, au atoke na babake wawili peke yao wakanywe madafu ufukweni. Mtoto hatasahau saa moja ya kuwa na babake peke yake, naye ataisahau pipi kabla hajaimaliza.

Ya tatu ni chupa ya kokwa, kwa nyumba nzima. Osha kokwa za tende, uzianike jua likauke. Weka chupa tupu ya jamu mahali pa kuonekana, uipige mstari kwa kalamu. Kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, akimwona mwenzake amefanya wema bila ya kuambiwa, humtilia kokwa moja. Sharti lake ni hili: hatii kokwa aliyetenda, hutia aliyeona. Kaka akimgawia nduguye mkate, dada aliyeona ndiye atiaye. Hapo watoto hufunzwa kutafuta mema ya wenzao, ilhali desturi yao ni kuja mbio kusema, "Mama, fulani amefanya vibaya." Kokwa zikifika mstarini, nyumba nzima hutoka pamoja. Wakaao Mombasa waende Mama Ngina wale mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu. Wa Lamu na Malindi wana pwani zao. Tuzo ni ya wote, na hakuna aliyemshinda nduguye. Ila nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka 3 iiweke chupa juu na kuifunga kifuniko, kwani kokwa yaweza kumkwama kooni.

Mashurti manne

La kwanza ni ahadi. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba mamake alimwita alipokuwa mtoto akamwambia aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Akamuuliza mama ataka kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Uongo huo, ndugu zangu, ni wa tende moja, tena kwa mtoto. Basi usitaje baiskeli ukijua mfukoni mna nauli tu. Ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau.

La pili ni uadilifu. Bashir alipotaka kumpa mwanawe Nu'man zawadi, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Alipojibu hapana, akamwamuru amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Kwa hivyo usiubandike mwezi wa mtoto mmoja ukutani na wa mwenzake usiwepo. Wala usiubandike ukumbini wageni wakaja kuhesabu nani yuko nyuma. Uwekwe ndani, karibu na kitanda cha mwenyewe. Kila mtoto na jambo lake. Yule wa kusahau viatu asilinganishwe na yule aliyehifadhi sura.

La tatu ni kutorudisha nyuma. Mtoto amepaka vipande 9, kisha jioni akampiga nduguye. Usifute hata kimoja. Wanazuoni wa madhehebu yetu wa Shafii wamemruhusu mzazi kurejea katika alichompa mwanawe, lakini si kila ruhusa ni busara ya malezi. Kosa la leo lina nasaha yake ya leo. Wema wa juzi umeshatendeka. Mtoto aonaye mema yake yakifutwa kwa kosa moja hujifunza kukata tamaa, na kukata tamaa na rehema ndiko tukatazwako.

La nne ni kuachisha. Jahazi jipya hushushwa majini kwa kuviringishwa juu ya magogo. Likishaelea, magogo hubaki pwani. Hapana nahodha anayesafiri nayo. Vivyo hivyo mwezi wa karatasi. Baada ya miezi miwili au mitatu viatu vitakuwa vyapangika vyenyewe. Hapo mwambie, "Sasa wewe ni mtu mzima katika jambo hili, huhitaji tena karatasi," na umchagulie jambo jingine, au mpumzike. Mtoto atalichukua hilo kuwa cheo.

Michezo isiyomliza mtoto

Tuingie katika mikusanyiko. Ikifika Idi, au mtoto akihitimu juzuu, nyumba hujaa watoto wa jamaa na majirani. Wako wanaodhani furaha haiji ila kwa kukodi majumba ya kupuliza na mapambo ya maelfu ya shilingi, na wako waliokopa kwa hilo. Watoto hawakututaka hayo. Wanataka nafasi, wenzao, na mtu mzima mmoja aliye tayari kukaa nao chini.

Kasoro ya michezo mingi ya karamu ni kuwa hutoa mtu. Kila duru mmoja atolewa, na aghalabu anayetolewa mwanzo ni yule mdogo kabisa, ambaye ndiye aliyehitaji kucheza zaidi. Akae pembeni akitazama wenzake nusu saa, kisha tumuulize kwa nini analia. Michezo ifuatayo haina wa kutolewa.

Mkeka unaokunjwa. Tandika mkeka mkubwa. Watoto wauzunguke huku mtu mzima akipiga makofi au wakisoma kaswida waijuayo. Makofi yakinyamaza, wote wapande juu ya mkeka; mguu hata mmoja usibaki nje. Kila duru mkeka wakunjwa nusu. Mwisho wamebanana kama samaki kapuni, wakubwa wamewapakata wadogo, na kicheko kimewajaa. Wakifaulu, wamefaulu wote.

Kifurushi cha matabaka. Funga kashata au kibunda cha mabuyu kwa karatasi, kisha karatasi juu yake, na nyingine, hadi matabaka yalingane na idadi ya watoto. Ndani ya kila tabaka tia tende na kikaratasi chenye agizo dogo: mwigize paka, taja wanyama watatu wa baharini, mpe salamu aliye kulia kwako. Kifurushi chapitishwa mkono kwa mkono; sauti ikinyamaza, aliyenacho hufungua tabaka moja. Asimamiaye ahakikishe kila mtoto amefungua mara moja, na kilichomo katikati kigawanywe kwa wote. Na tahadharini na magazeti ya zamani: msifungie kurasa zenye aya za Kurani wala jina la Mwenyezi Mungu, kwani zitararuliwa na kukanyagwa.

Ndimu kijikoni. Mchezo huu waujua kila mtu, lakini badala ya mtoto kumshinda mtoto, wote wawe kundi moja lishindanalo na hesabu. Kapu la ndimu liko huku, ndoo iko kule. Mtu mzima ahesabu hadi 100, nao wapeleke ndimu kwa vijiko moja baada ya moja. Duru ya kwanza zimefika 11. Je, duru ya pili zitafika ngapi?

Kibe. Mbadilishe kanuni moja tu: anayeonekana haketi, bali ajiunga na mtafutaji. Wa mwisho hutafutwa na kundi zima kwa shangwe. Wekeni mipaka mapema, na mahali penye kisima, ngazi au barabara pasiwemo.

Vitendawili. Huu ni wa mwisho, watoto wameshachoka na wamekaa. Nataka mzingatie zawadi waliyoibuni wazee wetu. Mtegaji asema, "Kitendawili!" nao waitikia, "Tega!" Wakishindwa kukitegua, humwambii mtegaji "umeshinda" wala humpi pesa, humpa mji. Apewa Mombasa, ikiwa hakuridhika apewa Lamu, au Unguja, au Makka yenyewe. Mtoto wa miaka 6 atoka barazani akiwa amemiliki miji mitatu, na hakuna aliyetoa senti. Waandikieni wadogo miji yao kwenye vikaratasi waende navyo nyumbani. Tuzo kubwa kuliko hiyo sijui ni ipi, nayo thamani yake yote ni heshima aliyopewa.

Zawadi, wakati na usalama

Zawadi ya mwisho iwe moja kwa wote: kibunda cha karatasi chenye tende tatu, kashata moja na ubuyu kidogo. Asiyecheza kwa haya apewe sawa na aliyecheza sana. Waulizeni kina mama mapema kuhusu mtoto asiyepatana na karanga au maziwa, na walio chini ya miaka 5 msiwape karanga nzima wala pipi ngumu, zawakwama kooni.

Zawadi itoke kwa mwenye nyumba. Mtindo wa kila mtoto kuchanga shilingi 20 kisha mmoja akachukua zote kwa bahati nasibu, wauepuke. Huo ni mlango wa kamari, ambayo Surat al-Maida imeikataza pamoja na ulevi, na vijana wetu waliozama katika kamari za simu hawakuanzia kwenye maelfu.

Mchezo mmoja kwa watoto wa miaka 4 hadi 6 usizidi dakika 10. Anzeni baada ya Alasiri jua likipoa, maji ya kunywa yawepo, na mmalize kabla ya Magharibi, kwani tumeamrishwa kuwazuia watoto ndani usiku unapoingia. Mkutano wa saa moja na nusu unatosha. Watoto waondoke wakitamani zaidi.

Jawabu la swali

Basi mtoto akikuuliza leo, "Utanipa nini?" usimkaripie, kwani swali tulimfunza sisi. Wala usitaje bei. Mwambie kwa upole, "Nyanya ana kiu, twende tumpelekee maji pamoja." Mshike mkono muende. Nyanya akinywa, atamwombea dua, na dua ya mzee ni kitu cha kupewa. Mtoto huenda asiridhike siku ya kwanza, wala ya pili. Ikifika siku moja amepeleka maji bila ya kuambiwa, na hakuuliza kitu, hapo ndipo umwite, umkumbatie, umpe ile kashata uliyokuwa umeificha. Usimwambie kuwa ni ya maji. Sema tu kuwa umefurahi naye.

Naye babake akirudi jioni, mweleze mbele ya mtoto alilolifanya. Radhi za wazazi wawili zikisemwa kwa sauti, mtoto huziona kuwa kubwa kuliko chochote kiuzwacho dukani, na ni radhi hizo atakazozitafuta akiwa mtu mzima, siku ambayo sisi ndio tutakaokuwa tumekaa kitandani tukisubiri kuletewa maji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, awape nia safi katika amali zao, na atujaalie sisi wazazi uadilifu na subira katika kuwalea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.